Kabla ya Kukata Mkanju wa Babu

Mazungumzo kwa wakulima wa Kaunti ya Kilifi kuhusu kufufua mashamba ya mikanju yaliyoingiwa na msitu



Anayetoka mjini Kilifi akashika barabara ya Malindi, akapita Tezo na Roka, huona mikanju kila upande. Mingine imefyekewa vizuri na kivuli chake kimetulia. Lakini mingi imemezwa. Lantana imepanda hadi kwenye matawi, miche ya mwarobaini imeota kila mahali, kamba za porini zimefunga mti na mti, na shina lenyewe halionekani. Mgeni hudhani huo ni msitu wa serikali. Kumbe ni shamba la mtu. Lina mwenyewe, lina mipaka, na lilipandwa kwa jasho. Siku hizi mwenyewe hupita pembeni, kwa kuogopa nyoka.

Mazungumzo ya leo yanahusu mashamba hayo, na swali linalosumbua jamaa nyingi katika kaunti hii. Je, mikanju hii ya zamani ikatwe yote, ichomwe mkaa, shamba lianze upya? Au inaweza kurudi kuzaa?

Jibu fupi ni kwamba mingi inaweza kurudi kuzaa. Lakini hairudi kwa kufyeka tu. Shamba hufufuka pale mwenyewe anapojua ni nini cha kukata, na zaidi ya hapo, ni nini cha kubakisha.

SHAMBA LILIFIKAJE HAPA

Mkanju si mti wa asili ya Pwani yetu. Kwao ni kaskazini-mashariki mwa Brazili, na Wareno ndio walioleta mbegu zake Afrika Mashariki katika karne ya 16. Hata jina kanju limetoka huko, kupitia kinywa cha Wareno. Mti ulipofika hapa ulikuta mchanga, joto na kiangazi cha kutosha, ukawa mwenyeji. Leo huwezi kuizungumzia Kilifi, Kwale au Lamu bila kuitaja korosho.

Katika miaka ya 1970 kiwanda cha korosho kilijengwa mjini Kilifi, na wakulima wengi wakaongeza miti. Korosho ililipa karo, ilijenga nyumba za mabati, ilioza mabinti na kuwaolea vijana. Kisha, miaka ya 1990 ikielekea ukingoni, kiwanda kikaanguka. Soko likabaki mikononi mwa madalali, bei ikawa ya kubahatisha, na mkulima akaona hasara kulipa vibarua wa kufyeka shamba lisilomrudishia gharama. Mwaka 2009 serikali ya kitaifa ilipiga marufuku kuuza nje ya nchi korosho ghafi, ili zibanguliwe humu nchini. Lakini kufikia hapo mashamba mengi yalikuwa yamekwisha kuachwa kwa miaka.

Basi hakuna sababu ya kumwita mzee aliyeacha shamba lake mvivu. Alifanya hesabu, na hesabu ilikataa. Ila mti haukufa siku ile mkulima alipoondoka. Uliendelea kukua, na hapo ndipo tatizo lilipo.

KWA NINI MKANJU ULIOZINGIRWA HAUZAI

Mkanju hutoa maua kwenye ncha za machipukizi mapya, upande wa nje wa mti, mahali panapopigwa na jua. Hautoi maua ndani ya kivuli. Mti uliosimama peke yake, wenye jua pande zote, huzaa kuanzia chini hadi juu kama mwavuli uliotandazwa. Miti iliyobanana huzaa kileleni tu. Pande zote nyingine ni matawi makavu na majani machache yanayotafuta mwanga.

Hesabu yake ni rahisi. Nafasi inayopendekezwa kwa mikanju iliyokomaa ni mita 12 kwa mita 12, yaani takriban miti 28 kwa ekari. Shamba lililopandwa mita 6 kwa mita 6 lina miti 112 kwa ekari. Miti ikiwa midogo, nafasi hiyo inatosha. Ikikua, matawi yanagusana, kisha yanapandana. Ongeza miche iliyoota yenyewe kutokana na korosho zilizoanguka zikakosa mwokotaji, na shamba linakuwa pango. Mkulima ana miti mingi kuliko jirani yake, lakini anaokota korosho chache kuliko yeye.

Tatizo la pili ni ugonjwa wa ubwiri. Huu ni ukungu mweupe kama unga unaoshika majani machanga na maua. Ua lililoshikwa hunyauka, likawa la kahawia, likadondoka bila kufunga korosho. Ubwiri hupenda kivuli, hewa iliyotulia na umande wa usiku, na vyote hivyo hupatikana tele ndani ya shamba lililofunga. Tena huishi mwaka mzima kwenye machipukizi yanayoota ndani ya mti na kwenye miche iliyo chini ya kivuli chake, ukingoja msimu wa maua. Maua yanapotoka, upepo hubeba vumbi lake hadi kileleni. Kwa hiyo mkulima anaweza kununua dawa ghali akanyunyiza, na mwezi unaofuata ugonjwa ukarudi kutoka kwenye kichaka chake mwenyewe.

Tatizo la tatu ni wadudu. Kuna mdudu mwembamba anayefanana na mbu ambaye hufyonza ncha changa hadi zikauka na kuwa nyeusi, kana kwamba zimebabuliwa na moto. Kuna pia fukusi anayetaga kwenye shina. Watoto wake hula ndani ya gome, na dalili yake ni utomvu unaotoka pamoja na unga mweusi wa mbao. Katika shamba lililofungwa na vichaka, mwenyewe haoni dalili hizi mpaka tawi zima limeanguka.

Mwanga, hewa na macho ya mwenyewe: hayo matatu ndiyo yaliyokosekana. Kazi yote ya kufufua shamba ni kuyarudisha.

KIKAO KABLA YA PANGA

Chukua mfano wa shamba la ekari mbili, ambao wengi wataona ndani yake mambo ya jirani yao. Mzee aliyepanda amefariki. Hatimiliki bado iko kwa jina lake. Mjane wake anaishi pale, mwanawe mkubwa anafanya kazi Mombasa, mdogo yuko nyumbani hana kazi, na mabinti wawili wameolewa. Siku moja anakuja mtu mwenye msumeno wa injini. Anasema atasafisha shamba lote bila malipo, mradi apewe kuni. Kijana wa nyumbani anaona ni bahati. Kazi ya miezi itafanywa kwa wiki moja, na huenda akapata kitu mkononi.

Mtu yule hatakata lantana. Lantana haina mkaa. Atakata miti minene, iliyonyooka, yenye afya, kwa kuwa ndiyo inayojaza magunia. Atakapoondoka, jamaa itabaki na vichaka vyake vyote, visiki, na mikanju dhaifu ambayo hakuitaka. Shamba lililohitaji misimu mitatu kurudi sasa linahitaji kuanzwa upya.

Tena kuna sheria. Sheria ya Urithi ya Kenya haimruhusu mtu kuuza au kutumia ovyo mali ya marehemu kabla mahakama haijampa mamlaka ya kuisimamia. Mti ulio shambani ni sehemu ya mali hiyo. Kijana akiuza mikanju ya baba peke yake, anajitafutia kesi na ndugu zake, na pengine na mahakama. Vilevile, usafirishaji wa mkaa unahitaji kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS. Anayesema vibali havina haja, akishikwa barabarani, atataja shamba alikotoa mzigo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kikao cha jamaa wala si panga. Mjane awepo, wana wawepo, na mabinti waitwe, walioolewa na wasioolewa, kwa kuwa wao pia ni warithi. Hapa Pwani kuna jambo jingine la kuulizwa mapema: je, miti na ardhi ni vya mtu mmoja? Ziko sehemu ambapo ardhi ni ya huyu na mikanju au minazi ni ya yule, au miti iliwekwa rehani zamani na deni halikumalizwa. Mambo hayo yasemwe mbele ya wazee na yaandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na shamba likianza kuzaa ndipo wenye kudai hujitokeza.

Kikao kikubaliane mambo matatu: nani atasimamia kazi, gharama itatoka wapi, na mavuno ya kwanza yatagawanywa vipi. Jamaa ikishindwa kukubaliana, heri shamba likae msimu mwingine kuliko kukatwa kwa hasira.

HESABU MITI WAKATI WA KOROSHO

Wengi hungoja kiangazi kikali, vichaka vikiwa vimekauka, ndipo waingie kukata. Lakini wakati huo mti mzuri na mti mbaya vinafanana. Wakati wa kuijua miti ni msimu wa mavuno, kuanzia Novemba hadi Machi, kanju zikiwa mtini na korosho zikiwa chini. Ndipo mti unajisema wenyewe.

Mwenye shamba akate vijia vyembamba vya kumwezesha kufika kwenye kila mti. Atembee akiwa na daftari na rangi ya mafuta. Mti unaozaa vizuri, wenye korosho kubwa na shina lisilo na majeraha, aupake alama nyeupe: huu unabaki. Mti uliooza, uliojaa fukusi, au mche wa juzi uliobanwa katikati ya miwili mizuri, aupake alama nyekundu: huu utaondoka. Mti wenye afya lakini usiozaa, au unaozaa korosho ndogo mno, auache bila alama. Huo una dawa yake, kama itakavyoelezwa.

Katika ule mfano wa ekari mbili, kama miti ilipandwa mita 6 kwa mita 6, daftari litaonyesha zaidi ya miti 200. Lengo la mwisho ni miti kama 56. Mtu akisikia hivyo hushtuka: "Niondoe miti mia na hamsini ya baba?" Hapana, haiondolewi mwaka mmoja. Mwaka wa kwanza huondoka yenye alama nyekundu peke yake. Mwaka wa pili hutazamwa ni wapi matawi bado yanagusana, ukaondolewa mti mmoja kati ya miwili. Mwaka wa tatu humaliziwa iliyobaki. Kila mwaka iliyobaki hupata jua zaidi, na mkulima huona kwa macho yake kama ni kweli au si kweli.

KUFYEKA

Mavuno yakiisha, na kabla ya mvua za masika kushika, ndipo kazi ya panga na fyekeo huanza. Anza pembeni kuelekea ndani, si katikati kuelekea nje, ili wafanyakazi wawe na njia ya kutokea. Fungua kwanza mviringo kuzunguka kila mti wenye alama nyeupe, kisha unganisha miviringo hiyo.

Lantana haifai kufyekwa tu. Ikifyekwa huchipua upya na kuwa nene zaidi. Ing'olewe na mizizi yake ardhi ikiwa na unyevu, na machipukizi yafuatiliwe kila mwezi. Majani yake ni sumu kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, kwa hiyo marundo yake yasiachwe mahali mifugo inapofika. Miche ya mwarobaini nayo ing'olewe ikiwa midogo. Mwarobaini ni mti wenye faida nyumbani, lakini ndege na popo husambaza mbegu zake, na ndani ya shamba la mikanju hugeuka mwiba. Kamba za porini zikatwe chini na ziachwe zikauke mtini zenyewe. Kuzivuta zikiwa mbichi huvunja matawi. Kirukia, ile mimea inayoota juu ya matawi na kunyonya mti, ikatwe pamoja na kipande cha tawi kilichoishika.

Nyasi fupi na majani ya kawaida yaachwe, yafyekwe tu yanaporefuka. Hapa wakulima wengi hushangaa, kwa kuwa shamba safi kwao ni lile lenye ardhi nyeupe. Lakini mizizi mingi ya mkanju inayolisha mti iko karibu na uso wa ardhi, na jembe huikata. Mchanga mtupu huchukuliwa na mvua. Na kuna sababu nyingine, nayo ni maji moto.

Maji moto ni wale sisimizi wekundu wanaoshona majani pamoja na kuishi ndani yake. Wanauma, na mfyekaji akiwakuta hutamani kuwachoma. Asiwachome. Maji moto ni askari wa bure. Huwawinda wale wadudu wanaofyonza machipukizi ya mkanju na wanaoharibu nazi changa. Adui wao ni sisimizi wadogo wa kahawia wenye vichwa vikubwa, wanaoishi ardhini na kuwafukuza mitini. Uchunguzi uliofanywa Tanzania umeonyesha kwamba pale ambapo majani ya chini yameachwa, maji moto hustahimili zaidi kuliko pale ambapo ardhi imekwanguliwa ikawa tupu. Tena miti ikishapunguzwa na matawi hayagusani, mkulima anaweza kufunga kamba au fimbo ndefu kutoka mti hadi mti ili askari hawa wapite. Na kwa kuwa korosho huokotwa chini, hakuna haja ya kupanda mtini kugombana nao.

Moto usitumike kusafisha shamba. Moto hauchagui kati ya lantana na mkanju. Huunguza gome la shina, huua mizizi ya juu, huteketeza maji moto, na upepo wa kaskazi ukivuma, hufika kwa jirani. Vichaka vilivyokatwa vipangwe kwa mistari katikati ya safu za miti, vioze na kuwa mbolea. Kinachochomwa ni mbao zenye fukusi peke yake, tena katika shimo lililosafishwa pande zote, mtu akiwa amesimama na maji. Mbao hizo zikiachwa zimelala shambani, fukusi hutoka humo na kuhamia kwenye miti mizima.

KUKATA MATAWI

Baada ya ardhi kufunguka, mti wenyewe ushughulikiwe. Ondoa matawi makavu, yaliyovunjika, yanayoburuta ardhini, na yale machipukizi membamba yanayoota ndani ya kivuli, kwa kuwa humo ndimo ubwiri unamolala. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya matawi mabichi kwa msimu mmoja. Mti ulionyolewa ghafla huunguzwa na jua na hutumia nguvu zake zote kutoa majani badala ya maua.

Tawi nene likatwe kwa hatua tatu. Kata kwanza upande wa chini, mbali kidogo na shina. Kisha kata kutoka juu, mbele ya mkato ule, tawi lidondoke bila kuchana gome. Mwisho, kata kile kipande kilichobaki karibu na shina, nje kidogo ya uvimbe unaounganisha tawi na mti. Usiache kigingi kirefu, maana kitaoza. Vidonda vikubwa vipakwe dawa ya shaba ya kuzuia ukungu, ambayo hupatikana katika maduka ya agroveti.

Sasa ile miti isiyo na alama, yenye afya lakini isiyozaa. Hiyo haina haja ya kung'olewa. Shina hukatwa kiasi cha chini ya mita moja kutoka ardhini, likaachwa litoe machipukizi. Machache yenye nguvu huchaguliwa, mengine huondolewa, kisha vikonyo kutoka kwenye mikanju inayozaa vizuri hupandikizwa juu yake. Mizizi ni ile ile ya babu, iliyokwisha kushika ardhi. Kichwa ndicho kipya. Kazi hii inahitaji mkono uliofundishwa, na haifai kufanywa kwa miti yote kwa mpigo, kwa kuwa si kila kisiki huchipua. Ajaribu michache kwanza. Palipo na pengo kubwa, apande miche iliyopandikizwa tayari. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kilichoko Mtwapa kina ujuzi wa mikanju ya Pwani, na afisa wa kilimo wa wadi anaweza kumwelekeza mkulima.

USALAMA WA WANAOFANYA KAZI

Shamba lililoachwa ni makao ya nyoka, wakiwemo swila na bafe. Wafanyakazi wavae gambuti au viatu vizito, suruali ndefu na mikono mirefu. Wapige kichaka kwa fimbo ndefu kabla ya kuingiza mkono, na wasiinue rundo la jana bila kulitikisa kwanza. Mtu akiumwa, atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, pete na bangili zivuliwe, na afikishwe hospitali mara moja. Asichanjwe, asifyonzwe, asifungwe kamba ya kukaza, wala asicheleweshwe kwa jiwe jeusi. Aliyetemewa na swila machoni aoshwe kwa maji mengi safi, kisha apelekwe hospitali.

Utomvu wa mkanju huwasha ngozi, na mafuta ya ganda la korosho huunguza. Anayekata miti mingi ajikinge mikono na macho. Watoto wasitumwe kazi hii.

NANI ATALIPIA

Hapa ndipo mipango mingi hukwama. Shamba la ekari mbili haliwezi kusafishwa na mama mmoja, na vibarua wanataka pesa zao jioni. Lakini wazee wanajua mweria, kazi ya kusaidiana: leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na mwenye shamba anatoa chakula. Kikundi cha majirani kumi, kila mmoja akisafishiwa robo ekari kwa zamu, humaliza kazi ambayo mtu mmoja angeikimbia.

Miti yenye alama nyekundu pia ina thamani. Kuni na mkaa wake, kwa kibali, vinaweza kulipia sehemu ya kazi. Tofauti na yule mtu wa msumeno ni kwamba jamaa ndiyo iliyochagua kinachouzwa. Na nafasi iliyofunguka katikati ya safu haina sababu ya kukaa bure. Kunde, mahindi, mihogo au simsim vinaweza kupandwa mvua zikinyesha, bila jembe kufika karibu na mashina. Mizinga ya nyuki nayo huleta asali, na nyuki na wadudu wengine husaidia maua ya mkanju kufunga.

Jambo moja la kuepuka ni kuuza korosho zikiwa bado maua. Shida ya pesa huwa kubwa wakati ule, na dalali anajua. Lakini jamaa iliyofanya kazi msimu mzima kisha ikauza maua imempa dalali jasho lake lote. Afadhali kikundi kivune, kikaushe, na kiuze pamoja kwa uzani.

KALENDA YA MWAKA

Novemba hadi Machi: kuokota korosho na kuweka alama kwenye miti.

Baada ya mavuno, kabla masika hayajashika: kufyeka na kukata matawi.

Masika: kung'oa lantana na mwarobaini, kupanda kunde na vyakula vingine, kujaza mapengo kwa miche.

Juni: kupunguza nyasi na kuondoa machipukizi ya ndani ya mti.

Julai hadi Oktoba: kulinda maua. Maua yakianza kuchomoza, mkulima akague ubwiri kila wiki. Akiuona, atumie salfa kwa maelekezo ya afisa wa kilimo na ya kibandiko, akiwa amefunika pua, mdomo na macho. Asingoje maua yote yageuke kahawia.

Oktoba, kabla ya korosho kuanguka: kufyeka chini ya miti ili hakuna korosho itakayopotea majanini.

Mwaka wa kwanza wa kazi hii mavuno huenda yasiongezeke sana, na mkulima asikate tamaa. Mti uliokaa gizani kwa miaka mingi unahitaji muda wa kutoa matawi mapya kabla ya kutoa maua. Asiyekuwa na nguvu ya kushughulikia ekari mbili aanze na miti kumi, ile kumi bora aliyoipaka alama nyeupe. Aifungulie jua, ailinde wakati wa maua, na aandike kilo zake. Mwaka unaofuata daftari litamwambia kama aendelee.

Na mwenye kutaka kukata yote bado ana haki yake, ikiwa jamaa imekubaliana na sheria imefuatwa. Kinachoombwa ni asikate kabla ya kuhesabu. Apite kwanza katika ofisi ya kilimo ya wadi yake, aombe afisa aje waitembelee miti pamoja wakati korosho ziko mtini. Ziara hiyo ni ya asubuhi moja tu, na mkanju uliokatwa kimakosa hauwezi kurudishwa kwenye kisiki chake.